Mukebe Yako ya Mulenge

Yaya Espe, dada yangu mukubwa,

Nimeiona. Ningeanza na salamu lakini weye unanijua, minye siwezi kufunga habari mu mudomo. Mukebe yako nimeiona, kule juu ku milima ya Mulenge, na bangili ilikuwa ndani.

Siku ya kukuosha kwa kukuzika, Mama alishika mukono yako akauliza: "Iko wapi bangili ya shaba? Ile yenye nilimuvalisha akimaliza shule?" Wamama wakatazamana. Mumoja akasema iliibiwa ku hospitali. Minye peke yangu nilijua, lakini sikutaka kusema mpaka niilete. Uliiweka mu mukebe ya mwisho ya muchezo wetu, wakati ulipanda kule na kazi ya vyanzo vya maji, kabla ya ile homa kukukamata. Ukanitumia namba za mahali, zile za GPS, na maneno kidogo: "Kuja utafute, mudogo." Tangu ile siku, Mama akienda ku soko anaangalia mikono ya wanamuke. Anatafuta ile bangili. Anaangalia tu.

Huku Kilibula bado wanaona muchezo wetu ni wazimu. Unaficha mukebe, unamupa mwenzako namba, basi, naye aitafute. Ukitoa kitu, unaacha kingine. Hakuna mutu alitufundisha, tulijifundisha na telefone yenye kioo imepasuka. Ningali nayo.

Njia ya kupanda ilikuwa imefungwa muda murefu, unajua, sababu ya vita. Vile tu ilitulia nikachukua moto, pikipiki, pale Luvungi. Motari, mwenye kuiendesha, anaitwa Fiston, anaongea kuliko minye, fikiri. Karte, ile ramani, nilikuwa nimeiingiza mu telefone kwetu, sababu kule rezo, mtandao ya simu, haiko. Ndivyo ulinifundisha.

Tukafika mu malisho ya ng'ombe, kila upande majani na mawe, yote yanafanana. Nikafungua telefone. Ile alama ya bluu ikaruka ikaenda kukaa ng'ambo ya mto Ruzizi. Fiston akachungulia juu ya bega yangu: "Dada, telefone inasema tuko Burundi. Nikuhesabie na pesa ya kuvuka mupaka?"

Nilicheka, Yaya, kisha machozi yakanishika. Sababu ilinikumbusha mukebe yangu ya kwanza kabisa, pale beach ya ziwa. Siku ile telefone ilikamata rezo ya Burundi, na minye na haraka yangu nikaandika namba vile ilisema, nikakupa. Uliangalia karte, ukaniangalia. "Mudogo, umeiweka katikati ya ziwa. Umefundisha samaki kucheza?" Ulicheka mpaka ukakaa chini ku muchanga. Kisha ukanieleza polepole: "Rezo inajua mulingoti yake iko wapi. Weye haikujue. Kata rezo kwanza. Weka mu avion, ile hali ya ndege, toka chini ya miti, lalisha telefone ku jiwe iangalie juu. Na usikimbilie namba ya kwanza."

Basi nikakata. Nikatafuta jiwe fasi ya wazi, nikalalisha telefone, nikarudi nyuma. Mwanzo haikuonyesha kitu. Fiston akasema imekufa. Nikamwambia anyamaze, na weye unajua minye ni nani kwa kunyamazisha mutu.

Kisha duara ikatokea ku karte. Ilikuwa kubwa, malisho yote ndani, na ng'ombe, na shiye. Ikaanza kupungua. Polepole, polepole, kama mutu anakusogelea bila kukuogopesha.

Fikiri ile kitu, Yaya. Vile vyuma, satelite, vinazunguka juu kupita mawingu, kupita ndege, na kazi yao ni kutaja saa tu. Ni saa hii kwangu, ni saa hii kwangu. Na telefone ya kupasuka, ku mulima yenye hakuna mulingoti, inasikiliza sauti gani ilichelewa kidogo kufika, na kwa ile kuchelewa inajua nimesimama wapi. Haviulize kama nina mega za interneti. Haviulize niko kabila gani. Nilinyanyua macho, nikaona bluu tu, na ngozi ikanisisimuka yote.

Namba zikacheza, zikatulia. Nikatembea kidogo, nikangoja tena. Kidogo tena. Kisha zikawa zako. Zote, mpaka ya mwisho. Ndipo nilielewa kama nimeweka miguu fasi uliweka yako. Fiston mwenyewe alitoa kofia, na hata sikuwa nimemwambia ni ya nani.

Ilikuwa chini ya jiwe ya bapa. Kutu kila fasi, bangili imegeuka kijani. Niliacha kitambaa yangu ya kichwa, ile ya manjano yenye ulikuwa unaniombaka.

Mama aliipokea bangili na mikono mbili. Hakulia, hakuivaa. Akauliza: "Alisimama wapi?" Nikamuonyesha ku karte. Akasukuma telefone pembeni. "Hapana hapo. Alisimama wapi?"

Sasa nimeelewa anataka nini. Mvua ikikatika, kama njia ingali wazi, nitamupandisha kule, asimame fasi ulisimama. Nitakata rezo, nitamukalisha Mama ku majani, na tutangoja namba zitulie, hata kama zitachukua muchana yote. Nimekuapia, Yaya, sitamuharakisha.

Pumuzika vizuri. Huku tungali tunakupenda.

Mudogo wako,
Riziki