Karatasi Tatu za Foru

Likasi, tarehe 4 Oktoba

Kwako Ruphin, mutoto wa mama yangu,

Natumaini baridi ya Anvers huko ng'ambo haijamaliza kula hicho kiupara chako. Minye kaka yako niko muzima: magoti yanalia, meno yamebaki mane, na hayakutani. Martine, bibi yako wa ndoa, anakusalimia. Mbuzi wanakusalimia zaidi, maana nyumba yako ya mikate njo imekuwa yao. Ule ukuta tulioacha wazi ili foru, ile tanuri kubwa ya mikate, ipite ungali wazi. Simenti ya Kakontwe ya kuuziba inageuka jiwe ndani ya mufuko, na mvua imekaribia.

Kontena yako yenye foru ilifika Dar es Salaam tangu mwezi wa nane. Kila asubuhi naketi kando ya barabara, naangalia makamyo. Yenye shaba ya Kambove yanashuka bandarini. Yanayopanda yanaleta matairi, muchele, dawa, viti. Muji muzima unakula kupitia mulango moja, na ule mulango sijauona hata siku moja. Nangojea sanduku lako la chuma kama mwanamuke anayengojea bwana mulevi. Mengine yanapita tu.

Martine aliuliza shida ni nini. Nikamwambia meli ni nyingi, zimepanga mustari. Juma lililofuata nikasema winchi imeharibika. Akajibu kwamba kilichoharibika ni kichwa changu. Kisha akaanza kumutukana Yannick, mupwa wetu anayetolea watu mizigo kule bandarini, eti ni mwizi. Minye nikaomba chai ingine.

Ruphin, Yannick hana kosa. Zile karatasi tatu za meli ulizonitumia, ukasema bila hizo hakuna anayegusa kontena, unazikumbuka? Unanijua: cheti cha ubatizo, attestation ya pensheni, picha ya marehemu Élise wangu, vyote viko ndani ya plastiki. Niliogopa mvua na panya. Nikazipeleka zote tatu kwa Rémy wa fotokopi, akatia plastiki mbele na nyuma. Ziling'aa! Nikamutumia Yannick picha, nikijisifu. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema watu wa meli wanagonga muhuri mugongoni mwa karatasi yenyewe, na muhuri haushiki plastiki. Nikachukua pasi ya Martine, nikazipasha ili plastiki itoke. Ilitoka. Ikatoka na jina lako, na sahihi, na namba.

Yannick anasema mutumaji peke yake, njo weye, anaweza kuomba zingine pale Anvers. Mwisho wa mwezi ukipita, douane, watu wa ushuru, wataweka kontena kwenye munada. Jasho lako la miaka yote, muntu mwingine atachomea mikate yake. Kila unapopiga simu nasema réseau mbaya. Réseau ni nzuri. Kinywa changu njo kibaya. Kwa hiyo barua hii nampa Jaël wa parokia, anapanda ndege Ijumaa kuja huko.

Martine hajui bado. Umwambie weye, minye utanikuta kwa mbuzi.

Usalimie wote wanaokula mukate wa mikono yako huko.

Kaka yako asiye na la kufanya,
Philippe

N.B. Barua hii sikuitia plastiki. Ukitaka kuipasua, itapasuka.