Taa ya Kijani na Njia ya Kawangware

Jumatatu, 24 Desemba 2007

Kadi ya pili imeingia. Seva ya kliniki hapa Kibera sasa ina kadi mbili za mtandao, eth0 na eth1, na nimezifunga pamoja zikawa kitu kimoja, bond0. Mode 1: moja inafanya kazi, nyingine inangoja. Ya kwanza ikifa, ya pili inashika. Nimeweka miimon=100, yaani kila milisekunde mia mashine inaangalia kama waya una uhai.

eth0 inapita swichi ya kwanza, redio ya paani, paa la kanisa la Kianda, halafu kliniki yetu ya Kawangware. Njia nzuri hiyo. eth1 inapita swichi ya pili na redio inayotazama Kawangware moja kwa moja, katikati ya mikaratusi. Ni dhaifu. Ya dharura tu.

Nimejaribu. Nimechomoa kebo ya eth0, pakiti moja ikapotea, eth1 ikashika. Nimerudisha. Safi.

Odhiambo wa geti alikuwa amesimama mlangoni na chai yake. Akauliza kama huu ni uchawi wa Kitui. Nikamwambia ndiyo, na una warranty. Akacheka mpaka akamwaga chai sakafuni. Nimepangusa mimi.

Wakubwa wako Mombasa. Mkurugenzi alipiga kuuliza kama ile kitu imeisha. Ile kitu. Asante hakuna. Kila mtu ana kwao Krismasi hii. Mimi nina funguo.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua kali, watu wana furaha ya ajabu. Kidole kina wino.

Odhiambo amevaa fulana ya rangi ya chungwa, ya chama chake, chini ya yunifomu ya kazi. Alitaka kujua nimempigia nani. Nikasema kura ni siri. "Siri gani, omera? Nyinyi Wakamba mko katikati kama kamba ya nguo. Kila mtu anaanika." Nikamjibu kwamba nguo za chungwa hatuaniki, zinachuja rangi. Huyu mtu tunapatana kwa matusi tu.

Mama yake yuko Kawangware kwa binti yake, alienda Krismasi. Ana ugonjwa wa sukari, sindano asubuhi na jioni, na mwezi huu sukari yake inarukaruka. Sista Nekesa wa kliniki ya Kawangware anampima, anatuma namba kwa barua ya ndani. Daktari Wafula huku anasoma, anarudisha dozi. Kila siku dozi mpya. Hiyo ndiyo kazi ya njia hii, si barua pepe za wakubwa.

Jumamosi, 29 Desemba

Sijaenda nyumbani. Kutoka hapa Olympic hadi chumba changu Kianda ni kutembea kidogo tu, lakini leo haiwezekani. Mawe, matairi yanaungua, vijana kila kona. Tumebaki watatu: Daktari, Odhiambo na mimi. Wagonjwa wote walikimbia.

Vijana walikuja getini wakauliza ndani kuna nani. Odhiambo akaongea nao Kijaluo, muda mrefu. Wakaenda. Nilimwuliza amewaambia nini. "Nimesema ndani kuna watu wangu."

Watu wake ni mimi. Sipendi kuwa mtu wa mtu. Nimejilea mwenyewe, nikaanza na redio mbovu za watu hapo Kisumu Ndogo, hakuna aliyenishika mkono. Leo ninaishi kwa sababu ya sentensi ya askari wa geti.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza mshindi. Dakika chache tu, kisha sauti ikapanda kutoka Kibera yote kwa pamoja. Sijawahi kusikia sauti kama hiyo. Moshi upande wa chini.

Namba ya jioni: 16.8. Daktari ameongeza dozi. Sista amejibu "Sawa". Odhiambo alikuwa ameniinamia begani, anapumua kwenye sikio langu. Hajui kusoma skrini lakini anajua pale namba inapokaa.

Kredo ya simu haipatikani popote. Vioski vimefungwa. Njia hii ndiyo tuliyobaki nayo.

Jumatatu, 31 Desemba

Asubuhi 13.1. Vizuri.

Mchana stima ikapotea. Tuna betri na jenereta ndogo, dizeli si nyingi. Seva inawaka, swichi zote mbili zinawaka.

Jioni hakuna namba.

Jumanne, 1 Januari 2008

Hakuna namba asubuhi. Hakuna namba jioni.

Daktari alikuwa na kredo kidogo ya mwisho, akampigia Sista. Mteja hapatikani. Kredo ikaisha.

Nimeangalia bond. eth0: MII Status up, yaani ni hai. eth1: MII Status up. Taa za kijani kwenye swichi zote. Nime-ping Kawangware, yaani nimeiita kwa mtandao ijibu. Kimya. Nime-ping tena. Kimya.

Hesabu ni rahisi. Njia ni mbili, zote ziko up. Kama njia ni nzima na hakuna anayejibu, basi hakuna mtu wa kujibu. Ama kompyuta zimeibwa, ama kliniki imeungua.

Odhiambo aliuliza. Nikamwonyesha taa. Nikasema, "Line iko sawa. Wao ndio hawako." Nilisema hivyo hivyo. Mimi huwa sizungushi maneno.

Alitoka akaenda kukaa getini.

Heri ya mwaka mpya.

Jumatano, 2 Januari

Tumekula githeri ya jana. Unga umeisha. Daktari analala kwenye kitanda cha kujifungulia, anakoroma kama trekta.

Kutoka paani unaona moshi upande wa Kawangware. Odhiambo alipanda akaangalia muda mrefu. Aliposhuka aliniuliza kama taa bado ni za kijani. Nikasema bado. Akauliza kama kuna kosa kwenye mashine. Nikaudhika. Nimefanya kazi hii bila mwalimu, bila cheti, na kila kitu nilichofunga kinasimama. Nikamwambia mashine haina kabila, haidanganyi.

Nimekagua tena ili kumridhisha. Up. Up.

Tumefungiwa ndani ya ukuta huu kama kuku. Nje ukienda kushoto utaulizwa jina lako, kulia utaulizwa jina lako. Jina langu halifai upande wowote.

Alhamisi, 3 Januari

Odhiambo ameenda.

Nilipoamka geti lilikuwa limefungwa kwa ndani na funguo zake zimetundikwa kwenye msumari ninaotundikia kebo. Ameruka ukuta. Amechukua rungu lake la kazi. Daktari alimwona akitoka, akamsihi. Odhiambo alimwambia anaenda kumzika mama yake, kwa sababu fundi amesema hawako.

Kati ya hapa na Kawangware kuna vizuizi. Barabara ya Ngong ina askari na mabomu ya machozi leo, tunayasikia. Ukivuka hiyo, unakutana na wale wa upande mwingine, na wao pia wanauliza jina. Jina lake linajieleza lenyewe.

Sasa nina funguo zote.

Ijumaa, 4 Januari

Dizeli imebaki chini kabisa. Nikaamua kupunguza mzigo kwenye betri. Swichi mbili za nini kama hakuna wa kuongea naye? Nikazima swichi ya kwanza. Taa ya eth0 ikazimika, bond ikahamia eth1 kama nilivyoifunza.

Na dirisha la ping, nililokuwa nimeliacha wazi, likaanza kutembea. Kawangware ikajibu. Polepole, pakiti nyingine zinapotea, lakini inajibu.

Kisha barua zikaingia, zote zilizokuwa zimekwama upande wa Sista, kati yake hizi:

15.0. 17.2. "Daktari, niongeze?" 19.9. "Mbona hamjibu?" 22.4. "Jamani, mko hai?"

Wako hai. Wamekuwa hai muda wote. Na wao walidhani sisi ndio tumekufa.

Daktari aliandika dozi akiwa amesimama, miguu mitupu. Mimi nikamwandikia Sista: Odhiambo yuko njiani tangu jana. Akifika, kabla ya yote, mwambie mama yake ni mzima.

Akajibu: "Hajafika."

Nimepanda paani. Kanisa la Kianda halina stima. Bila shaka redio ya pale ilizimika Jumatatu ile ile. Lakini swichi yangu hapa ndani ilikuwa na betri, na kebo kutoka seva hadi swichi ni nzima, ina urefu wa mkono. Hiyo ndiyo miimon ilikuwa inaangalia. Mkono mmoja wa waya. Ng'ambo ya hapo haikuuliza mtu yeyote kitu chochote. eth1 ilikuwa na njia nzima na haikuitwa, kwa sababu eth0 ilionekana nzima.

Na mimi nilipojaribu Krismasi nilichomoa kebo ya hapa hapa. Nilijaribu kifo cha chumbani. Cha barabarani sikukijaribu.

Jumamosi, 5 Januari

Nimebadilisha. Mara ya kwanza nikaweka arp_interval, inayouliza hadi mwisho wa njia, juu ya miimon, nikitaka zote mbili zilinde. Kernel, moyo wa mfumo, ikaandika kwenye log, daftari lake, kwamba haziwezi kufanya kazi pamoja, ikazima ARP. Ikaniachia ile ile kipofu. Kama nisingesoma log ningelala nikijiona nimetengeneza.

Nimeondoa miimon kabisa. arp_interval=1000. arp_ip_target mbili, ruta ya Kawangware na kompyuta ya Sista, mmoja akizimwa mwingine ajibu. arp_validate=all, isije ikadanganywa na kelele za mashine za jirani. Sasa kila sekunde inaita mpaka Kawangware: uko? Wasipojibu, njia hiyo imekufa, hata taa iwe kijani kama majani.

Nimewasha swichi ya kwanza ili kuijaribu. Taa kijani. Bond imeangalia, imesubiri, imekataa. eth0: down. Currently Active Slave: eth1, yaani inayobeba kazi sasa ni eth1.

Neno moja tu, down. Lingekuwepo Jumanne, Odhiambo angekuwa amekaa hapa ananitukana.

18.3. Sista anasema hajafika.

Jumapili, 6 Januari

14.0. Hajafika.

Jumatatu, 7 Januari

Asubuhi 11.2.

Mchana barua haikuwa na namba. "Amefika. Mkono wa kushoto umevunjika, kichwa kimepasuka kidogo nimeshona. Alijificha kwenye mtaro, kisha mama mmoja wa mboga akamficha chumbani kwake, hakumuuliza jina. Nilimwambia hapo hapo mlangoni kama ulivyosema. Alikaa chini."

Baadaye barua nyingine: "Mama yake anauliza ni nani aliyesema hatuko."

Sijajibu hiyo. Nimeandika tu kwamba njia sasa ni nzuri na dozi ziendelee.

Daktari alinishika bega. Niliutoa mkono wake.

Jumatano, 16 Januari

Imeanza tena. Risasi tangu asubuhi, gesi inaingia chini ya mlango, tumeweka matambara yenye maji. Stima inakuja na kuondoka. Redio ya kanisa inakuja na kuondoka nayo. Bond inahama, inarudi, inahama. Hakuna barua iliyopotea.

Geti ni langu siku hizi. Vijana walipiga kwa mawe. Wakauliza ndani kuna nani. Nilifikiria jina langu, jina la Daktari. Hakuna lililofaa.

Nikasema, "Watu wa Odhiambo."

Mmoja akauliza, "Odhi wa geti? Bado yuko?"

Nikasema yuko.

Wakaenda.

Jumatatu, 3 Machi

Wamepatana wakubwa wa siasa, wameweka sahihi, wameshikana mikono kwenye televisheni. Mkurugenzi amerudi na rangi ya pwani. Amesema amefurahi kuona kila kitu kilibaki salama. Nimemkabidhi ripoti. Hataisoma.

Chumba changu Kianda kina mlango mpya. Vilivyokuwa ndani sivisemi.

Odhiambo amerudi kazini leo. Mkono umeunga vibaya, kiwiko kinatazama nje. Mama yake amebaki kwa binti, 8.4 asubuhi ya leo. Nilimrudishia funguo zake. Nilitaka kusema jambo, nilikuwa nimelipanga. Akanitangulia, akaomba chai.

Tulikunywa. Baadaye akaja akasimama pale pale mlangoni pa chumba cha seva, kikombe mkononi, akatazama swichi.

"Fundi. Hiyo taa yako inasemaje leo?"

Sikuitazama taa. Niliandika amri, nikangoja jibu lije lenyewe kutoka ng'ambo.

"Kawangware imejibu," nikasema.

Alikunywa chai. Akatazama skrini, pale namba inapokaa.

"Waulize tena."

Nikauliza tena.