Kanga Iliyoliwa na Mbuzi

Baba Rehema, shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, nikakohoa kwanza kama wewe, mpaka Rehema kacheka. Yeye ndiye anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipangie maneno, utadhani umeandikiwa na katibu wa kijiji.

Hatujambo. Matanga tulianua salama, walikuja watu hata kutoka Kidete. Mahindi yamekubali, ile mbegu ya Kilangali uliyoileta mwenyewe. Yohana naye sasa anakimbia, na akikimbia ananguruma kama gari, gia anabadili kwa mdomo. Sijui kafundishwa na nani.

Haya. Nina neno, na usinikatishe.

Unakumbuka tulivyopeleka vitunguu vya kijiji Mikumi, na lile gari la kijiji ulilokuwa unaliendesha? Wakati huo nina mimba ya huyu mwanao Yohana, ndiyo maana kamati ikanipa kiti cha mbele. Ukafunga vioo vyote kwa ajili ya mbung'o, halafu ukafungua hita. Jua lile! Nikakuuliza hita ya nini. Ukasema injini ya dizeli ikishazeeka, kwenye mlima inachemka, ukifungua hita unaipunguzia moto. Kweli ikapunguziwa, moto wote ukaja miguuni kwangu. Ulikuwa unalibembeleza lile gari, twende mama, twende, na mimi hujanibembeleza tangu asubuhi.

Mikumi uliposhuka kupakua, nikachukua kipande kimoja cha kanga yangu nyekundu, nikakishindilia kwenye lile tundu la upepo miguuni. Nikasukuma kwa mpini wa mwiko niliokuwa nimenunua palepale, mwiko mzuri, ninao mpaka leo. Kanga ikazama kabisa, mpaka ndani kule upepo unakogawanyika, wa miguuni na wa kwenye kioo. Mimi nilijulia wapi kwamba unagawanyika? Nilisema nitaitoa tukifika. Mkono haukufika.

Kurudi, mlima wa kwanza tu, gari likachemka.

Ukahangaika, mume wangu. Feni inalia, upepo hakuna. Ukabadili koki ya maji ya hita. Ukaosha ile rejeta ndogo ya hita, unasukuma maji kinyumenyume mpaka yanatoka meupe. Ukaniita nishike mipira miwili ya maji, unaoingia na unaotoka. "Mama Rehema, yote ya moto?" Nikasema yote ya moto. Ukasema basi maji yanapita, ugonjwa uko kwenye upepo.

Ulikuwa umefika, Baba Rehema. Ulibakiza kiganja kimoja. Na mimi nimesimama pale, mkono kwenye mpira, mdomo nimeufunga.

Halafu ukasema feni imechoka, ukaanza kusubiri feni mpya, na vipuri vyenyewe unajua, kama sabuni tu, tunavisikia kwa majirani. Ukawa unaendesha na kopo la maji pembeni, kioo unafuta kwa kiganja. Ulipoulizia kanga nikasema mbuzi kala. Kila mgeni aliyekuja hapa ukamsimulia habari za yule mbuzi. Krismasi ukamchinja.

Nilitaka kukwambia. Kila siku nikisema kesho. Kesho ikaisha, wewe ukaenda.

Sasa gari wamempa Sospeter, yule kijana wa Rudewa aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge. Anaendesha vizuri, sina ubaya naye. Lakini kipupwe hiki kioo kilimpofukia kwenye ukungu akiwa na mzazi mwenye uchungu anampeleka hospitali Kilosa, nusura waingie korongoni. Mzazi alifika salama, akajifungua mtoto wa kike. Sospeter akaja na gari mkutanoni, akasema lirudishwe wilayani. Akasema hivi: "Marehemu alikuwa dereva. Fundi hakuwa."

Likirudishwa wilayani halirudi, hilo kila mtu alilijua. Lakini mimi sikusikia la gari. Nilisikia lile la pili, la fundi. Watu wakaitikia kwa vichwa, Baba Rehema, watu uliowabebea wagonjwa wao.

Nikasimama. Nikamwambia, mwanangu, shika mipira ya hita. Akashika, yote ya moto. Nikasema basi maji yanapita, ugonjwa uko kwenye upepo, hivyo ndivyo alivyosema marehemu. Fungua bomba la upepo upande wa kushoto, ingiza mkono mpaka kiwiko.

Akavuta. Ikatoka nyekundu, imekauka kama ngozi, inanuka vumbi na panya. Nikasema ni yangu, niliitia mimi, na mume wangu alikufa hajui.

Mwenyekiti akaitazama sana ile kanga. Akasema, "Kumbe yule mbuzi tulimla bure."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilicheka na kulia, sijui kipi kilitangulia. Sospeter alikuja jioni akaniamkia, akasema, "Mama, nilikosea. Alikuwa fundi." Gari limebaki. Anasema upepo unampiga mpaka kope, na mlimani halichemki.

Mimi sasa nalala vizuri. Kanga nimeifua mara tatu, nimeikunja na mwenzake sandukuni. Nakuahidi, siku yangu ya kuja Rehema atanifunga zote mbili, nimeshamwambia, na hili kaliandika kwa mkono wake. Pumzika, fundi wangu. Ukiniona natokea kule mbali, utaihesabu doti nzima, na yule mbuzi utamwomba radhi mwenyewe.