Saadi Aliniita

Kambi ya Shamba la Karanga,
Nachingwea, Jimbo la Kusini.
12 Novemba 1950

Mpendwa Dada Sabaha,

Shikamoo dada, na salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hujambo huko Tanga? Na shemeji Awadhi, kifua kimepoa au vumbi la katani bado linamsumbua? Mimi mwili mzima. Ukiona mwandiko umepinda, ndio huu niliofundishwa jeshini, sina mwingine.

Mvua hapa bado. Mama yako, Mama Mkubwa, nilimwona Lionja mwezi uliopita. Analima mwenyewe na hataki kusaidiwa, unamjua.

Zena wangu alirudi kwao Malolo tangu Ramadhani. Simlaumu, alichoka kuishi na mume asiyesema. Sasa najipikia, ugali leo mbichi kesho umeungua, nakula peke yangu na mlango nimeufunga. Kambi imejaa watu, lakini wiki nzima hupita sijaongea na mtu zaidi ya kuitikia salamu. Upweke huu niliutaka mwenyewe, dada, na umenishinda.

Kazi yangu ni kufuata nyuma ya katapila na kukata mizizi. Mwezi jana mti mmoja ulipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Nikajitupa chini, nikashika kichwa. Wenzangu walicheka mpaka walipoona siinuki, ndipo wakanibeba kwa dresa, mtoa dawa wa kambi, Teofili, Mngoni wa Songea.

Wangoni ni watani zetu, basi aliposikia mimi ni Mmwera niliyepigana Burma, alipata la kusema. Aliuliza Wazungu walipungukiwa na nini hata wakampa Mmwera bunduki. Siku tatu nilizokwenda kunywa dawa alinitania. Siku ya nne akaniuliza, bado anacheka, ni nani huyo Saadi niliyekuwa namtaja nilipoletwa.

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini yeye, wakati mke wangu mwenyewe sikumwambia. Labda kwa kuwa mtani humfichi kitu, atakuchokonoa tu.

Nilipomaliza nikangoja utani wake, maana hata msibani watani wana haki yao. Hakutania. Aliweka chini kikombe cha dawa, akaniuliza kama dada yake Saadi anajua. Nikasema hapana.

Dada, kaa chini kwanza. Mwaka wa arobaini na sita niliporudi, niliwaambia kwamba ndugu yako Saadi alikufa hospitali kwa homa, usingizini, nami nikimuuguza. Nilisema uongo. Alipigwa risasi ya tumbo asubuhi, akaangukia majanini. Mimi nilikuwa ndani ya handaki, karibu tu, kama kutoka mlangoni kwa Mama Mkubwa hadi kisimani. Aliniita kwa jina langu mpaka adhuhuri. Hakumwita mwingine. Hakuna aliyenikataza kwenda, niliogopa tu. Nilipokwenda alikuwa amekwisha kunyamaza.

Mlinishukuru wote. Mama Mkubwa alinichinjia kuku, nami nikamla.

Tangu nizungumze na Teofili napata usingizi kidogo, na utani wake umerudi. Lakini nilipomuuliza kama nitasamehewa, alisema hiyo si kazi ya dresa.

Mama Mkubwa sijamwambia. Ukitaka ajue, nitakwenda Lionja mwenyewe, sitamtuma mtu.

Nisalimie sana shemeji, na wapwa zangu Seleman na Mwanamvua, waambie nawakumbuka. Mungu awalinde nyote, akupe na subira kwa haya niliyokuletea. Ukishindwa kunijibu nitaelewa, nitaendelea kukaa na mlango wangu. Lakini ukitaka niyaseme haya mbele ya macho yako, niite. Niite kwa jina tu, dada. Safari hii nitakuja.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Bashiri