Makochi Yangu Sebuleni kwa Wifi

MAELEZO YA SHAHIDI: SHAMBULIO DHIDI YA DALALI WA MNADA

Jina: limo kwenye jalada, mtaani anaitwa Mama Mapazia. Umri: miaka 43. Kazi: fundi cherehani. Makazi: chumba na sebule vya kupanga, nyuma ya kituo cha mafuta. Uhusiano na mtuhumiwa: mke wake.

Dalali aliyepigwa simjui. Mwenye nyumba iliyokuwa ikifungwa namjua vizuri sana. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na nyumba yake naijua mpaka vigae vya chooni, kwa sababu kila nikienda nilionyeshwa upya. Aliinunua kwa mkopo wa benki miaka sita iliyopita. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani akisema, "Dada yangu kafika." Sisi tulikuwa tunapanga, na bado tunapanga.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, jioni, wifi alikuja kwangu kuazima makochi. Nilicheka, nikidhani ananitania. Akasema kuna mnunuzi anakuja kuiona nyumba.

"Riba imepanda mara mbili, wifi. Marejesho yamenishinda. Vitu vya ndani nimeuza vyote. Akikuta sebule tupu atajua nimekabwa, atanipa bei ya kutupa. Ila kaka asijue."

Mtaani kwao vibao vya INAUZWA vimezidi miti, na siku hizi mnunuzi ndiye anayeringa. Niseme kweli, afande, nilisikia raha. Nilimpa makochi, na mume wangu nikamwambia yako kwa seremala, yanakazwa miguu.

Tarehe 4, saa nne asubuhi, mnunuzi alifika nami nikiwepo. Wifi alinitambulisha kama fundi wake wa mapazia. Hilo nililimeza. Mnunuzi akakaa, akapapasa kochi, akasema, "Dada, una jicho. Nyumba imetulia." Wifi akatabasamu kana kwamba kayashona yeye. Vitambaa vya makochi yale nilivishona mwenyewe, na kwangu hakuna aliyewahi kuvisifu. Pale, chini ya dari ile, hata mimi niliona yamependeza kuliko kwangu. Wivu ulinipanda.

Nikasema, "Makochi hayo ni yangu. Nayachukua leo."

Mnunuzi aliinuka, akafungua vyumba kimoja kimoja, akakuta vitupu. Hapohapo akashusha bei mpaka chini ya deni la benki. Wifi alikataa, mnunuzi akaenda zake. Wifi hakunigombeza. Alisema tu, "Kweli kikulacho ki nguoni mwako," akanisaidia kuyatoa makochi nje.

Tarehe 18, saa tatu asubuhi, dalali alikuja na watu wake kuifunga nyumba. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikualikwa, nilikwenda kuona. Wifi aliketi mlangoni, akagoma kuondoka. Mume wangu, habari zikiwa zimemfikia kazini, alifika akihema, bado amevaa nguo za kazi. Alimwambia dalali, "Ukimgusa dada yangu tutaonana wabaya." Dalali akamshika wifi mkono. Mume wangu alimpiga ngumi moja ya mdomo, akaanguka. Hakuna mwingine aliyempiga.

Nimeulizwa kama mume wangu ana tabia ya ugomvi. Hana. Mwaka jana baba mwenye nyumba wetu alipandisha kodi, akatutolea vyombo nje mvua inanyesha, mimi nalia. Mume wangu alimwamkia, kisha akamsaidia kubeba kabati. Miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kujua kwamba mikono ile inaweza kukunja ngumi.

Niliyoyaona ni hayo, na niliyoyafanya sikuyaficha. Haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali kuwa ni sahihi, hakutaka kufuta neno. Ameomba kumwona mtuhumiwa. Nimemwambia asubiri, dada mtu bado yuko naye.