Usijilize, Dada

Tingi, 14 Juni 2023

Dada yangu Romana,

Shikamoo. Hujambo, na shemeji hajambo? Huku tu wazima, ila vumbi la ufuta limetutia mafua. Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa konda wa basi.

Misa ya arobaini ya mama ni Jumamosi ya tarehe mosi. Njoo. Yale niliyosema kaburini usiyaweke moyoni. Ila na wewe ulizidi, dada. Kulia kuanzia kona ya barabara ili wafiwa wajue ndugu amefika, hiyo ni desturi yetu, hakuna aliyekulaumu. Lakini kujigaragaza, kutupa kilemba, kutaka kuingia shimoni na mama? Mimi niliyemuuguza mwaka mzima nilisimama kimya. Niliona aibu, nikasema, "Usijilize, dada." Ni neno tu.

Binti yangu Benadeta anamuulizia mama mkubwa wake kila siku.

Mdogo wako,
Salome

Lindi, 27 Juni 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, namshukuru Mungu. Misani sitakuja.

Ni neno tu, unasema. Mimi nimeitwa mengi. Nadeka, nina makeke, nina mbwembwe, nikicheka napasua watu masikio. Yote nimeyapokea, maana najijua sina kipimo. Hata mama alikuwa akinitania, "Romana, furaha yako inataka uwanja." Lakini nikilia aliniacha nilie mpaka niishiwe, kisha akanipa maji ya kunywa.

Kumwambia mfiwa anajiliza ni kumwambia maiti si wake. Nawe uliyasema mbele ya kijiji kizima. Mmoja alicheka, nilimsikia. Basi, nimeshika adabu. Hutanisikia tena.

Konda ana gauni la Benadeta. Mbusu.

Dada yako,
Romana

Tingi, 9 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Hali yako siiulizi, na yangu uliiona mwenyewe.

Tangu tumzike Benadeta, watu wanakusifu. Wanasema dada yako siku hizi amekomaa. Ulikuja kimya, ukaosha masufuria, ukasonga ugali wa waombolezaji, macho makavu.

Mimi nilikuwa ndani, nimelala mkekani, natega sikio barabarani. Homa ilimwanza mwanangu Jumapili, Jumanne hayupo, na mimi nikakauka. Hata chozi sikupata. Kila mwanamke aliyelia pale konani nilisema, huyu si yeye. Nilijiambia Romana akifika ataangua kilio, nami nitamfuata nyuma. Kisha nikainua macho nikakuona umeshakaa, umekunja miguu na wenzio.

Nisamehe lile neno. Mwanangu alikwenda kaburini kimyakimya kama mgeni wa watu. Nakuomba uje, hata sasa, ulie. Jigaragaze, tupa kilemba, kijiji kizima kisikie. Nani mwingine atamlilia inavyomstahili?

Mdogo wako,
Salome

Lindi, 21 Februari 2024

Mdogo wangu Salome,

Marahaba, na pole ambayo sijui niiandikeje.

Kilio nilikuwa nacho. Kilinijaa kifuani tangu Lindi. Nilipofika kona nikafungua mdomo, nikaona watu wamegeuka, wananingojea nifanye vituko vyangu. Nikakimeza. Siku zote zile niliinamia masufuria nisije nikakutazama usoni.

Kilinitoka kwenye basi la kurudi, tulipoipita Nangurukuru. Nilianguka katikati ya viti. Wako waliosema huyu mama anazidisha, wako waliosema ana mapepo. Dereva akasimamisha basi, wakaniteremsha na kikapu changu, nikamlilia Benadeta pale pembeni ya lami mpaka sauti ikakatika.

Sikatai kuja. Nimejaribu humu chumbani, nimemwita kwa jina lake, hakitoki kitu. Nilikimaliza chote kule, mbele ya watu wasiomjua. Mama mmoja muuza korosho alinishika mabega akaniuliza mtoto ni wa nani.

Nikamwambia ni wangu.

Dada yako,
Romana