Shemasi Kitheka Ajialika Safari ya Ingrid

Roselyne, acha kupika ukae chini!!

Yule Ingrid, msichana wa Norway aliyekuja kusoma hapa Kitui mwezi huu, leo kanisani amesimamishwa asalimie kama mgeni. Maskini akasema Jumamosi anapanda treni stesheni ya Emali na wanafunzi wenzake, waende Mombasa kuona bahari.

Kitheka akanyakua maiki. Shemasi mzima! "Msichana wetu hawezi kusafiri bila mzazi. Nitamsindikiza mimi mwenyewe."

MIMI MWENYEWE, Roselyne!

Si ndiye huyu alisindikiza Nzomo na bibi yake hanimuni, ati anawaombea njiani, akashuka nao Mombasa na begi? Sijasahau na sitasahau.

Ingrid wa watu! Wikendi yake ya kwanza huru inaliwa hivyo, na kanisa linapiga makofi! Nilikuwa nishasimama niwashe moto.

Kumbe mtoto ameshatujua. Akatabasamu: "Asante, baba shemasi. Tunalala kwa hema, na alfajiri tunaogelea wote. Nitakutafutia kaptura."

KAPTURA!

Bibi yake Kitheka alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Kitheka akakohoa. "Lakini pia vijana wanahitaji nafasi yao. Tuombe."